Benchi Nililoliruka

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa hadi leo sijaelewa mtu anayestaafu anaambiwa nini kwa kupewa saa. Nimeitundika sebuleni hapa Mkolani, Mwanza. Inakimbia dakika saba mbele, na mke wangu amenikataza kuirekebisha, anasema ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii chenye haraka. Mlinipa pia daftari gumu, mkaniambia, "Mwalimu, andika, usiondoke na mambo yote kichwani." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara ndiyo kabisa. Nitaandika kazi yenyewe, pamoja na kosa moja ambalo sikuwahi kuwaambia darasani, ingawa miaka yote nilisimama mbele yenu nikiwakataza msilifanye.

Kwa atakayeliokota daftari hili bila kutufahamu: kazi yetu ilikuwa kufundisha washauri wanaopima afya ya asasi zisizo za kiserikali. Ukitamka neno "afya" watu wanadhani wewe ni daktari. Mama mkwe wangu kule Misungwi alinionyesha goti lake kila Krismasi, mpaka nikamnunulia dawa ya kuchua ili yaishe. Lakini asasi nayo huugua. Inaweza kuwa na gari, kompyuta na bango kubwa barabarani, na humo ndani asiwemo hata mtu mmoja awezaye kumwambia mwenyekiti kwamba hapa umekosea. Inaweza pia kuwa chumba kimoja chenye viti vinne vya plastiki na ikawa nzima kuliko ofisi za ghorofani. Mpimaji anakwenda, anakaa siku nne au tano, anauliza, anasoma mafaili, anatoa alama kuanzia moja hadi nne: uongozi, mipango, watumishi, huduma, urithishaji wa madaraka. Kisha anawaambia wenyewe alichokiona. Kazi iko hapo pa kuwaambia. Hayo mengine hata karani anaweza.

Mimi nilitokea chuo cha ualimu. Nilidhani kwa kuwa naijua chaki basi najua kila kitu. Siku ya kwanza nilifika ofisini nimevaa tai, na mkononi nina dodoso la kurasa arobaini na moja nililokuwa nimelikariri wiki nzima kama mtoto wa kipaimara. Aliyenipokea alikuwa mkuu wa mafunzo, Mama Koku.

Mama Koku alikuwa Mhaya, Mlutheri wa Kagera, mrefu, mwenye viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi kila asubuhi hata wakati wa masika. Kwenye mkoba wake hakukosa kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wanaopendwa kwao. Alilitazama dodoso langu, akalichukua, akalitia ndani ya mkoba na kufunga zipu.

"Shikamoo Mama," nikasema, maana sikuwa na lingine la kusema.

"Marahaba. Jina nani?"

"Ngasa, Mama."

"Msukuma. Ee waitu, jamani, basi angalau kukaa kimya unaweza. Twende."

Tulikwenda Usagara, kwenye asasi iliyokuwa ikiwasaidia wajane wanaonyang'anywa mashamba. Mkurugenzi alikuwa na taarifa kwamba tunakuja, ila watumishi hawakuambiwa sisi ni nani. Mama Koku akaniketisha kwenye benchi la wageni, pale mlangoni, akakaa pembeni yangu. "Leo hatuulizi chochote," akasema. "Tunakaa hapa tangu wanafungua hadi wanafunga. Wewe hesabu dakika, uone itachukua muda gani mpaka mtu atuulize tumeshahudumiwa. Na umwandike aliyeuliza."

Jamani, nilikaa. Tai ilinikaba. Watu walipita mbele yetu na mafaili, wakatuchungulia, wakapita tena. Afisa mmoja aliruka miguu yangu mara tatu bila hata kusema samahani. Zilipotimia dakika arobaini na tano, mama mmoja mfagizi aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akainama. "Mwangaluka wazee wangu. Mmeshahudumiwa?"

"Andika," Mama Koku akaninong'oneza. "Wa kwanza kuuliza: mfagizi. Dakika arobaini na tano."

Siku zilizofuata, mafaili yalipofunguliwa, ikabainika kwamba yule mfagizi ndiye aliyemjua kila mjane kwa jina, na kesi yake imefika wapi, na shemeji gani ni mkorofi. Mkurugenzi yeye aliyajua vizuri majina ya wafadhili. Mama Koku alinirudishia dodoso langu siku ya tatu. "Haya, mwalimu wa chuo, nionyeshe humu ndani swali ambalo lingekuletea yule mama." Nikapekua kurasa zote arobaini na moja. Mfagizi hakuwa na hata mstari.

Hiyo ndiyo siku ya benchi mnayoijua ninyi nyote, na ambayo wengi wenu mmenilaani kwa ajili yake, hasa mwenzetu mmoja aliyekalia msumari kule Misungwi. Sheria yake ni moja: hairukwi. Mpimaji anayeanza na mafaili ataona asasi inavyotaka kuonekana. Anayeanza na benchi ataiona ikiwa imejisahau.

Sheria ya pili ya Mama Koku ilikuwa kusoma. Majibu yakishapatikana, mwanzilishi au kiongozi husomewa kwanza, peke yake, kwa mdomo, mlango umefungwa. Baada ya hapo ndipo wengine wote. "Mtu haumbuliwi mbele ya watoto wake," alikuwa anasema. "Mpe nafasi alie kwanza. Akishalia, atawaambia wenzake mwenyewe, na vizuri kuliko wewe." Nimeshuhudia wakurugenzi wenye vitambi wakilia kama watoto mle vyumbani. Wakitoka wanatabasamu na kuagiza soda.

Sheria ya tatu ilikuwa kalamu ya risasi. Alama ziandikwe kwa kalamu ya risasi hadi siku ya mwisho, kwa sababu, kwa maneno yake, wino una kiburi. Hili nililielewa kwa aibu. Niliwahi kukuta mihtasari ya vikao vya miaka mitatu ya kikundi cha akina mama wakaushao dagaa, yote ina wino mmoja, mwandiko mmoja, na doa moja la chai lililopenya kurasa zote. Nikasema hawa ni waongo, nikawapa moja. Katibu wao akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kukutana tunakutana. Ila hatukujua kwamba kukutana kunaandikwa, mpaka juzi tuliposikia unakuja." Nikaenda Alhamisi kwenye vichanja vyao nikawakuta wote, wanagombana kwa utaratibu kabisa, kila mmoja kwa zamu yake. Nikafuta moja, nikaandika tatu. Kwa kalamu ya risasi inafutika.

Baadaye nikaanza kufundisha washauri mwenyewe. Mlikuja wa kila aina: wahasibu, wachungaji, vijana wa vyuo waliojua neno "kujengeana uwezo" kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Ugonjwa wenu mkubwa niliuita tatu ya woga. Mshauri anaona jambo baya, anaogopa kuandika moja, anajua nne ni uongo, basi anaweka tatu. Tatu haina lawama, na haimsaidii mtu. Niliwachapa sana kwa hilo, kwa maneno. Shikeni hapo, nitaparudia.

Mama Koku alipostaafu tulidhani atarudi Kagera kwenye migomba yake. Badala yake alihamia Nansio, Ukerewe, ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Sababu ilikuwa mtoto aliyemwona huko wakati wa upimaji, mtoto wa miaka sita anayetembea kwa kukanyagia ubavu wa mguu. Amezaliwa na miguu kifundo, nyayo zimepinda kwa ndani, na mama yake hakujua kwamba mtoto akiwahishwa angali mchanga hunyoshwa. Mama Koku hakuweza kulisahau lile jambo. Alianzisha kituo cha chumba na ukumbi, karibu na njia ya bandarini. Kazi yake: kuwatafuta watoto wanaozaliwa hivyo kisiwani, na kuwapeleka na mama zao kwa meli hadi hospitali Mwanza, kila wiki, kubadilishiwa hogo, ile plasta ngumu inayounyosha mguu kidogo kidogo. Wiki zikirukwa mguu unarudi ulikotoka, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo moyo wa kile kituo ulikuwa orodha ya safari. Nani anaondoka lini. Orodha hiyo aliiandika Mama Koku mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, na bandarini haingii mtu ambaye jina lake halimo.

Wafadhili wao walipotaka kituo kipimwe, nilijituma mwenyewe. Sikutaka mwingine aende.

Nilifika nikapokewa na sato na ndizi za kupika. Benchi la wageni nililiona. Lilikuwa pale mlangoni, refu, limepakwa rangi ya kijani. Nikajiambia, Ngasa, utakaaje benchini kumchunguza mtu aliyekufundisha kukaa benchini? Niliona ni utovu wa adabu, mtoto kumpima mama joto mbele ya watu. Nikapita moja kwa moja hadi ofisini kwake, nikanywa chai, nikafungua mafaili. Yalikuwa yamepangwa vilevile alivyonifundisha kuyapanga. Urithishaji wa madaraka? Ipo barua, imepigwa muhuri, inamtaja msaidizi wake, Editha, binti wa hapo hapo Ukerewe, kuwa kaimu. Nne. Uongozi, nne. Huduma, nne. Nilikuja na siku nne nikatumia mbili.

Alinisindikiza hadi bandarini na viatu vyake vinavyong'aa. "Umemaliza mapema," akasema.

"Mama, kwako kuna nini cha kupima?"

Aligeuka akatazama njia tuliyotoka. Kisha akacheka, akanipa kopo la senene nimpelekee mke wangu. Nilipanda meli nikiwa na furaha tele.

Ikapita miaka miwili. Kwenye darasa langu akaingia Zuhura. Wengi wenu mnamjua. Kwa wasiomjua: binti wa Kihindi, Muislamu, mzaliwa wa Mwanza kama babu yake, aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la baba yake na anayezungumza Kisukuma cha kupunguziana bei kunishinda mimi. Nilimuuliza kwa nini ameacha duka. Akasema, "Sijaliacha Mwalimu. Dukani unajua mteja anataka nini kabla hajafungua mdomo. Na huku si ni hivyo hivyo?" Sijawahi kupata mwanafunzi kama yule, na simwambii mara kwa mara asije akavimba kichwa.

Wakati huo kituo cha Nansio kilifika zamu ya kupimwa tena. Nikampa Zuhura, iwe kazi yake ya kwanza ya peke yake, maana nilijua ni kazi nyepesi. Nikamwambia, "Pale kwa Mama Koku benchi si lazima. Ni mwalimu wetu yule."

Akanikazia macho. "Mwalimu, si wewe uliyesema benchi halirukwi hata kwa askofu?"

"Nenda basi ukakae!" nikamjibu kwa hasira. Hasira ilitoka wapi sikujua.

Siku ya tano alirudi na meli ya mchana, akaja moja kwa moja ofisini kwangu, hata begi hajaliweka. Alikaa, amelipakata begi. Nikajua.

"Nilikaa benchini kuanzia saa mbili," akaanza. "Mama Koku akaja hata dakika moja haijaisha. 'Karibu mwanangu, umeshahudumiwa?' Nikaandika: mwanzilishi mwenyewe, dakika moja. Nikafurahi Mwalimu, nikasema hapa ndipo. Baada ya muda akapita tena. 'Karibu mwanangu, umeshahudumiwa?' Nikajua amesahau, shughuli nyingi. Akaja tena. Hadi adhuhuri alikuwa ameniuliza mara saba. Kila mara kwa tabasamu lile lile, kana kwamba ndiyo kwanza naingia. Na kila mara Editha anainua macho kutoka mezani, ananitazama, anayainamisha."

Niliweka kalamu mezani.

"Akina mama wakitoka kwa Mama Koku, na tarehe zao za safari amewapa, hawaendi nyumbani. Wanazunguka nyuma, jikoni. Editha ana daftari lingine, liko chini ya ndoo ya unga. Hilo ndilo lenye orodha ya kweli. Ile ya Mama anaipokea, anasema asante Mama, halafu anakwenda kuandika upya. Wote wanajua. Mpishi anajua, mlinzi anajua, akina mama wote wanajua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka. Wanampenda mno, Mwalimu."

"Basi mambo yanakwenda," nikasema. Nisameheni, lakini ndivyo nilivyosema.

"Yalikwenda hadi Editha alipougua. Alilala wiki tatu. Wiki hizo orodha ilikuwa ya Mama peke yake. Kuna mtoto anaitwa Pendo, alikuwa kwenye hogo la tano, limebaki moja tu amalize. Mama yake alifika bandarini mara tatu, jina halimo, akarudishwa. Mguu umerudi, Mwalimu. Ameanza upya."

Niliinuka nikasimama dirishani. Nilikuwa na uchungu, na chini ya uchungu nilikuwa na hofu, maana faili lenye nne zangu lilikuwa kabatini nyuma ya Zuhura. Halafu mimi, niliyewachapa ninyi wote kwa jambo hilo hilo, nikamgeukia binti nikamwambia, "Tuweke tatu. Mama ni mtu mzima. Tumwache amalize kwa heshima."

Zuhura akafunga begi lake taratibu. "Na mguu wa Pendo, Mwalimu, tuupe ngapi?"

Nikakaa chini. Nikamwambia akakate tiketi mbili.

Tulifika Nansio asubuhi ya siku ya pili. Tukaingia ofisini kwa Mama Koku watatu tu, mlango ukafungwa. Siku hiyo alikuwa vizuri, kichwa kimetulia, alinijua mara moja akanitania kuhusu kitambi. Nikatamani asingekuwa vizuri. Zuhura alikaa karibu naye, magoti yakikaribia kugusana, hakuwa na karatasi mkononi. Alianza na mazuri ambayo kituo kinayo, kama tulivyomfundisha. Watoto wangapi leo wanacheza mpira. Watumishi wasioiba hata biskuti. Kisha akasema, bila kuharakisha, bila kuzungukazunguka, "Mama, orodha ya safari haiko salama mikononi mwako tena."

Akaeleza yote. Daftari la jikoni. Pendo. Mama Koku alisikiliza akiwa ameshika kopo lake la senene kwa mikono miwili. Zuhura alipomaliza, tukasikia akina mama wakicheka huko ukumbini.

"Nilikuuliza mara ngapi, siku ile benchini?"

"Mara saba, Mama."

"Nilikukaripia?"

"Hapana, Mama. Mara zote saba uliniita mwanangu."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alilia kidogo kwa utulivu, na sisi tukamwacha alie, kwa kuwa ndivyo alivyotufundisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Ngasa. Wewe ulipokuja, ulikaa?"

"Sikukaa, Mama."

"Nilijua. Mwaka ule ndio nilikuwa nimeanza kupotea njia ya sokoni. Natoka hapa nakwenda kununua nyanya, nafika njia panda sijui kulia au kushoto. Kuwaambia hawa watoto nikashindwa, waitu, nilishindwa. Nikasema, Ngasa anakuja, atakaa, ataona, atanisaidia kusema. Nikalipaka rangi lile benchi kwa ajili yako." Akapumua. "Ukanywa chai, ukaondoka."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimesoma ripoti nyingi, sijawahi kusomewa moja iliyoniingia kama ile. Nililia mimi sasa, mzee mzima, mbele ya mwanafunzi wangu. Nikasema, "Nisamehe Mama, niliona aibu, nilikuwa nakuheshimu."

"Najua," akasema. "Kuniheshimu kungekuwa kukaa." Kisha akanipigapiga mgongoni, kama mtu anayecheulisha mtoto, akaniambia ninyamaze, ofisi ina watu.

Alimuuliza Zuhura, "Nani kakufundisha wewe?"

Zuhura akaninyooshea kidole. Mama Koku akanitazama, akatikisa kichwa, akacheka lile cheko lake la zamani. "Basi si haba. Ulichokosa wewe, kapata yeye. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwiteni Editha."

Editha aliingia akiwa ameshajua, maana alianza kulia mlangoni. Mama Koku alimwambia alete daftari. Editha akajifanya hajui daftari gani. "La chini ya ndoo ya unga," Mama Koku akasema. Likaletwa, lina unga kwenye pembe. Mama Koku akavaa miwani, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita kwenye kila jina.

"Mwandiko wako mbaya," akasema. "Lakini kila mtoto yumo."

Akafungua pini kiunoni, akatoa funguo. Editha akarudi nyuma. "Mama, mimi nakusaidia tu. Mwenye kituo ni wewe."

"Umenisaidia kwa kunificha, ukachoka mpaka ukaugua. Sasa nisaidie kwa kushika. Shika, mwanangu, mkono unaniuma."

Akashika. Mchana ule ule, mbele ya watumishi na akina mama, Mama Koku alisimama akawaambia mwenyewe, na vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza, kwamba kichwa chake kimeanza kuchoka, kwamba hakuna wa kulaumiwa, na kwamba kuanzia sasa atakayemficha jambo kwa kumwonea huruma atakosa senene. Wakacheka huku wakilia. Kisha akauliza, na sauti ikawa ndogo ghafla, "Na mimi nitafanya nini sasa?"

Zuhura ndiye aliyejibu. "Mama, nimekaa kwenye mabenchi kadhaa wakati wa mafunzo. Hakuna pahali nimeulizwa ndani ya dakika moja. Ni hapa tu. Kazi hiyo ibaki yako."

Tuliwasilisha ripoti. Kwenye urithishaji wa madaraka Zuhura aliandika moja, kwa kalamu ya risasi. Alirudi kule baada ya miezi sita kuangalia hali, akaifuta, akaandika nne. Nne yangu ya zamani niliichomoa kabatini nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, kila nikichukua faili niione. Mlikuwa mkiniuliza ile karatasi ni ya nini. Ndiyo hiyo.

Wiki moja baada ya kuniaga nilipanda meli kwenda Nansio. Sikutumwa na mtu. Nilifika kituo kinafunguliwa. Editha alikuwa mezani na orodha mbele yake, mwandiko wake bado mbaya. Alitaka kuinuka anipokee, nikamwashiria akae. Uani kulikuwa na mtoto wa kike, viatu vyekundu, anamkimbiza kuku kwa nguvu zote, na miguu yake imenyooka. Sikuhitaji kuuliza jina, mama yake alikuwa anapiga kelele, "Pendo, mwache kuku wa watu!"

Nikakaa kwenye benchi la kijani.

Mama Koku akatokea ndani. Amekonda. Viatu vinang'aa, nimeambiwa Editha ndiye anayevipiga rangi kila asubuhi. Akanijia moja kwa moja, akainama, akanitazama usoni, nami nikamtazama nikimsubiri anitanie kuhusu kitambi. Hakuwa na habari mimi ni nani.

"Karibu baba," akasema. "Umeshahudumiwa?"

"Bado, Mama."

"Subiri kidogo, wanakuja." Akakaa pembeni yangu, akafungua kopo, akanimiminia senene kiganjani. Baada ya muda akainuka akaenda kumpokea mwingine. Akarudi. Karibu baba, umeshahudumiwa? Bado, Mama. Nilikaa tangu wanafungua hadi wanafunga, na aliniuliza mara kumi na moja.

Editha alipoanza kufunga madirisha nilitoa hili daftari mlilonipa. Lilikuwa halijaandikwa neno. Nikachukua kalamu ya risasi, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya haya yote mliyoyasoma, niliandika mstari ambao mtaukuta pale:

Nansio. Wa kwanza kuuliza: Mama Koku. Dakika moja.